Shangazi wa Filamu: Tumeshajua wataoana, mbona bado tumekaa?

Toleo lililopita niliwaomba mniandikie kuhusu filamu za mapenzi zenye vichekesho: ipi unaipenda kuliko zote, na kitu gani kinaifanya ikolee. Barua zimekuja, nyingine ndefu kweli, na nimezisoma zote. Chache nazijibu hapa.

Shikamoo Shangazi. Mimi na dada yangu tunabishana kila tukikaa mbele ya televisheni. Anasema filamu hizi ni kupoteza muda, kwa sababu dakika kumi hazijapita mtu ameshajua nani atampata nani. Mimi nazipenda, ila akinibana nakosa la kumjibu. Nimwambie nini? — Mtazamaji Sugu

Marahaba, mwanangu. Mkubalie kwanza, maana anasema kweli. Hata hizo dakika kumi ni nyingi. Bango tu linatosha. Ila hakuna anayekaa saa mbili ili ajue kama watapatana. Tunakaa kuona wao wenyewe watang'amua lini. Sisi tumeshajua, shoga yake msichana ameshajua, mama mwenye nyumba ameshajua; wenyewe wawili ndio bado. Vichekesho vyote vinatoka katika pengo hilo, na mapenzi yanaingilia humohumo.

Kama dada yako ana subira ya picha zisizo na rangi, mwonyeshe *It Happened One Night*, aliyoiongoza Frank Capra mwaka 1934. Binti wa tajiri, Claudette Colbert, amemtoroka baba yake Miami na yuko kwenye basi la kwenda New York. Mwandishi wa habari aliyepoteza kazi, Clark Gable, anamganda kwa sababu ameona hapo kuna stori ya kuuza. Hawapendani hata kidogo. Usiku mmoja pesa haitoshi, inawabidi walale chumba kimoja kwenye kambi ya wasafiri. Gable anafunga kamba katikati ya vitanda viwili, anaangika blanketi juu yake na kuliita kuta za Yeriko.

Asubuhi wapelelezi wa baba wanafika. Hapo nataka dada yako aache simu. Gable anamvuruga binti nywele haraka zimfunike uso, halafu anaanza kumfokea kama mume aliyechoshwa na ndoa. Binti hajaambiwa afanye nini. Amelelewa kwa wahudumu na vitambaa vya hariri, lakini anadaka palepale, anajibu mapigo kwa sauti ya juu, analia, anakuwa mke mkorofi wa mtu asiye na kitu. Ugomvi unapamba moto hadi wapelelezi wanaona haya na kuondoka zao. Mlango ukishafungwa, wote wawili wanafurahi kama watoto walioiba maembe. Hakuna aliyetaja mapenzi. Ila kila mmoja ameona kwamba mwenzake anajua kucheza, na kwamba anacheza naye vizuri kuliko alivyowahi kucheza na mtu yeyote. Mimi nikifika hapo hurudisha nyuma nikaona tena.

Filamu ile ilikuwa ya kwanza kuchukua Oscar zote tano kubwa: filamu bora, mwongozaji, mwigizaji wa kiume, wa kike, na skripti. Na mwisho wake, ambao dada yako atakuwa ameshautabiri, wawili hao hata hawaonekani. Tunasikia tarumbeta, blanketi linaanguka, basi. Anayeijua hadithi ya Yeriko hahitaji kuelezwa zaidi.

Shangazi, naandika skripti yangu ya kwanza. Nimewasomea watu watatu na wote wamesema neno lilelile: wahusika wangu hawana mvuto kati yao. Nimempa kijana sura nzuri na kazi nzuri, msichana ni mrembo na ana akili, wamegongana kwenye korido vitabu vikaanguka. Nimekosea wapi? — Kalamu Mpya

Mwanangu Kalamu, sura na kazi ni mambo ya wasifu wa mtu, hayahusu watu wawili. Vitabu kuanguka ni namna ya kukutana, na namna ya kukutana haina uzito mkubwa kama wengi wanavyodhani. Niambie wakishaviokota vitabu wanazungumza nini.

Fanya jaribio hili. Futa majina kwenye mazungumzo yao. Je, kijana angeweza kumwambia dada wa mapokezi maneno yaleyale? Kama angeweza, hapo ndipo skripti yako inapovuja. Wawili wanaopendana lazima wawe na lugha ambayo hawaitumii na mtu mwingine yeyote. Shakespeare aliliona hili zaidi ya miaka 400 iliyopita alipoandika *Much Ado About Nothing*. Beatrice na Benedick wanatupiana maneno makali mbele ya watu, kila mmoja ameapa hataki ndoa. Ukiangalia vizuri, kila Beatrice akiingia Benedick hawezi kunyamaza, na kila Benedick akiondoka Beatrice anamtaja. Rafiki zao wanafanya hila: wanaongea kwa makusudi ili Benedick asikie eti Beatrice anakufa kwa ajili yake, kisha Beatrice naye anasikilizishwa kuhusu Benedick. Hila inafaulu kwa sababu ilichowaambia kilikuwa kweli tayari. Katika tamthilia hiyohiyo kuna wapenzi wengine wawili, Claudio na Hero, wazuri wa sura na wapole wa maneno, na hao ni wachache wanaowakumbuka.

Jambo la pili ni tamko la mapenzi, pale mmoja anapokuja mbio kusema yaliyo moyoni. Najua umeshaliandika, pengine uliliandika kabla ya kitu kingine chochote. Lifute. Liandike mwisho, na ujiwekee sheria: hakuna kitu kitakachotajwa humo ambacho mtazamaji hajakiona kwa macho yake.

Angalia *When Harry Met Sally*, ya mwaka 1989, Rob Reiner akiwa mwongozaji na Nora Ephron mwandishi. Mwanzoni kabisa wawili hawa wanasafiri pamoja kwa gari kutoka Chicago kwenda New York, wanasimama kula, na Sally anaagiza pai. Anaitaka imepashwa moto, aiskrimu iwe pembeni isiwe juu, iwe ya stroberi isiwe ya vanila, na kama haipo basi apewe krimu, ila krimu iwe halisi, na kama si halisi basi aachiwe pai peke yake, tena katika hali hiyo isipashwe. Harry anamtazama tu. Sisi tunacheka, tunaona mwanamke msumbufu. Miaka inapita, wanakutana, wanaachana, wanakuwa marafiki, wanaharibu urafiki. Usiku wa kuamkia mwaka mpya Harry anakimbia mitaani hadi kwenye sherehe aliko Sally, na anachomwambia si kwamba ni mzuri. Anamwambia anapenda anavyosikia baridi siku ambayo si ya baridi, anavyotumia saa moja na nusu kuagiza sandwichi, na kile kikunjo kinachomtoka usoni anapomtazama Harry kana kwamba amerukwa na akili. Lile lililotuchekesha mwanzoni ndilo analolipenda. Mtu huyu alikuwa anaangalia muda wote. Hicho ndicho ninachokiita mvuto, na kinapandwa mapema, kikiwa kimevaa nguo za kichekesho.

Jambo la tatu, kizuizi. Kwenye muhtasari ulionitumia, wanaachana kwa sababu msichana alimwona kijana akimkumbatia mwanamke mwingine, kumbe ni binamu yake. Mwanangu, hilo linamalizwa kwa simu moja, na mtazamaji anajua linamalizwa kwa simu moja, kwa hiyo badala ya kuhuzunika anakasirika. Kizuizi kizuri ni kile ambacho hata wewe, ungekuwa ndiye mhusika, ungekiheshimu.

Katika *The Apartment* ya Billy Wilder, ya mwaka 1960, Jack Lemmon ni karani wa kampuni kubwa ya bima New York. Anapanda cheo kwa njia moja tu: anawaazima mabosi ufunguo wa nyumba yake wapeleke wanawake wao wa nje. Anampenda Fran, msichana wa lifti, Shirley MacLaine. Siku moja anaokota nyumbani kwake kioo kidogo cha mkononi kilichopasuka, anamrudishia bosi mkubwa, akidhani ni cha mwanamke asiyemjua. Baadaye, kwenye sherehe ya Krismasi ofisini, amevaa kofia mpya na anamwuliza Fran kama inampendeza. Fran anatoa kioo mkobani ili ajitazame. Kamera inatuonyesha uso wa Lemmon ukiwa umegawanyika kwa ule ufa. Anasema tu kwamba kioo kimevunjika. Fran anajibu kwamba anajua, anakipenda hivyo, kinamwonyesha alivyo moyoni. Fran hajui kama mwenzake ameshajua. Hakuna anayepiga kelele, hakuna anayelia, na sherehe inaendelea nyuma yao. Kizuizi hapo hakitoki nje. Kimetoka mfukoni mwa Lemmon mwenyewe, ni ule ufunguo aliokuwa akiugawa. Ili ampate Fran itabidi aache kuwa mtu aliyekuwa, na kazi ipotee. Hapo simu haisaidii.

Niandikie tena ukisharekebisha. Na huyo binamu mwondoe.

Dada yangu, salaam. Nina mabinti wawili wa sekondari wanaopenda sana filamu hizi. Mimi zinanitia hofu. Mwanamume anakataliwa, anarudi. Anakataliwa tena, anakuja kusimama chini ya dirisha. Mwisho anakimbia uwanja wa ndege na watu wote wanampigia makofi. Wanangu wasije wakaamini kwamba mwanamke akisema hapana amemaanisha endelea. Nizime televisheni? — Baba Mwenye Wasiwasi

Kaka yangu, usizime. Kaa nao. Hofu yako ni ya haki, na mimi naishiriki. Ziko filamu, nyingine maarufu sana, ambamo ving'ang'anizi wamevikwa taji la mapenzi, na muziki unapandishwa ili tusiulize maswali. Mkiwa mmekaa pamoja waulize mabinti mambo mawili. La kwanza: tangu alipokataliwa, mwanamume huyu amejifunza nini kuhusu mwanamke huyu? La pili: mwanamke akisema hapana sasa hivi, ana uwezo wa kusema na yakaisha? Harry niliyemtaja juu anafika na ushahidi wa miaka ya kusikiliza, na Sally anaweza kumgeuzia mgongo. Kwa kweli anaanza kufanya hivyo. Anayepiga kelele chini ya dirisha la mtu aliyemzungumzisha mara mbili hana ushahidi wowote, ana sauti tu.

Mabinti zako bila shaka wameshaiona *Dilwale Dulhania Le Jayenge*, ya Aditya Chopra, ya mwaka 1995. Naipenda mno, na bado nusu yake ya kwanza inaniudhi. Raj, anayeigizwa na Shah Rukh Khan, anamsumbua Simran, anayeigizwa na Kajol, safari nzima ya Ulaya. Asubuhi moja baada ya Simran kulewa, Raj anamwacha aamini kwamba kuna jambo limetokea kati yao usiku, mpaka binti analia ndipo anamtuliza na kumwambia hakuna kilichotokea. Utani ule siupendi. Zungumza nao hapo, usipite kimya.

Lakini nusu ya pili ndiyo nakutaka uione wewe mwenyewe kama baba. Simran amerudishwa Punjab kuozwa kwa mwanamume aliyechaguliwa na baba yake. Raj anamfuata. Mama yake Simran anawakalisha, anawapa vito vyake vya dhahabu, anawaambia wakimbie. Ungedhani kijana yule tuliyemwona kwenye treni za Ulaya angekimbia saa ileile. Anakataa. Anasema hatamchukua Simran mpaka baba amtoe kwa mkono wake. Kabla ya hapo alikuwa ameshaingia kwenye nyumba ya harusi kama mgeni, anakaa na akina mama na akina shangazi, anaamka alfajiri kumlisha njiwa nafaka pamoja na mzee ambaye hajui huyu ni nani. Vichekesho vya nusu ile vyote vinatokana na adabu, mtu anaficha mapenzi yake kwa kuwa na heshima kupita kiasi. Na Simran naye si wa kukaa tu. Siku ya kufunga kwa ajili ya mume mtarajiwa, mwanamke anatakiwa afungulishwe na mwanamume huyo. Simran anajifanya kuzimia ili maji ya kwanza ayapate mkononi mwa Raj. Watu wamejaa uani na hakuna aliyegundua. Mimi katika filamu za mapenzi huangalia mikono kuliko midomo, na hapo ndipo mkono wa kikombe umesema kila kitu.

Kwenye stesheni mwishoni, baba amemshika binti yake kifundo cha mkono na treni inaondoka. Unajua atamwachia. Mimi najua. Ukumbi wa Maratha Mandir wa Mumbai uliionyesha filamu hiyo mfululizo hadi ikatimiza wiki 1,000 mwishoni mwa 2014, na hata baada ya hapo ukaendelea, na sidhani kama kuna aliyekata tiketi katika wiki hiyo ya 1,000 bila kujua kama mkono ule utafunguka. Kinachoniuma, na ambacho ningependa mjadiliane, ni kwamba uamuzi wa mwisho unabaki kwa baba. Simran anaomba, hachagui. Waulize mabinti wangeiandikaje wao. Utasikia mengi.

Shangazi, ni lazima iishe kwa harusi? — Niliyeachwa

Hapana, mpenzi. *Roman Holiday*, ya William Wyler, ya mwaka 1953: binti mfalme anatoroka kazi zake kwa siku moja ndani ya Roma, anazunguka na mwandishi wa habari, wanapendana, kisha kila mmoja anarudi kwake. Ni vichekesho kweli. Gregory Peck anaingiza mkono kwenye lile jiwe linaloitwa Mdomo wa Ukweli, anauficha ndani ya mkono wa koti na kuutoa kana kwamba umekatwa. Audrey Hepburn alikuwa hajaambiwa kuhusu hila hiyo, na ukelele unaousikia ni wake wa kweli. Tena ni mchezo, unaona? Hawakuoana lakini walicheza pamoja, na filamu inaiheshimu siku ile moja bila kuidharau kwa kuwa haikuzaa ndoa. Itazame ukiwa tayari, si wiki hii.

Dada, kwa nini filamu za harusi zenye familia kubwa zinapendwa kila mahali, hata kama familia yenyewe si ya kwetu? — Mama Mapacha

Kwa sababu kizuizi ndani yake ni upendo, Mama Mapacha. Adui hayupo. Katika *My Big Fat Greek Wedding* ya mwaka 2002, baba anampenda Toula kiasi kwamba hawezi kumwazia na mume asiye Mgiriki, na ukoo mzima unampenda mchumba mpaka wanamchosha. Nia Vardalos aliiandika na kuiigiza, akitokea kwenye onyesho lake mwenyewe la jukwaani lililotokana na maisha ya familia yake. Iligharimu kiasi cha dola milioni 5, ikaingiza zaidi ya milioni 300, bila kushika nafasi ya kwanza Marekani hata wikendi moja. Watu walikuwa wanaambiana, wanarudi na mama zao. Ukipenda ya karibu zaidi na wakati huu, tafuta *The Wedding Party* ya Kemi Adetiba, kutoka Nigeria, ya mwaka 2016. Pale akina mama wawili wa pande mbili ndio vichekesho vyenyewe. Bibi na bwana harusi waliigizwa na Adesua Etomi na Banky W., na mwaka uliofuata wakaoana kweli.

Shangazi shikamoo. Mume wangu anasema filamu za mapenzi ni za wanawake, akiona tu watu wawili wanatazamana anaondoka sebuleni. Nimwanzishie ipi? — Mke Mpweke wa Sebuleni

Marahaba. Mwanzishie *Some Like It Hot*, ya Billy Wilder tena, ya mwaka 1959. Inafunguka na polisi wa Chicago wanaofukuza gari la kubebea maiti, risasi zinapigwa, na jeneza linavuja pombe. Wanamuziki wawili wanashuhudia majambazi wakiua, inabidi wakimbie mji, na njia pekee ni kuvaa nguo za kike na kujiunga na bendi ya wanawake inayokwenda Florida. Kabla hajajua, mumeo atakuwa katikati ya filamu ya mapenzi: mmoja wao amempenda Marilyn Monroe na hawezi kumwambia kwa sababu amevaa gauni, na mwingine amependwa na tajiri mzee asiyekata tamaa.

Weka mapema usiku, ina urefu wa kama saa mbili. Sentensi ya mwisho inasemwa na yule tajiri akiwa kwenye boti, usimdokezee mumeo. Kisha niandikie alifanya nini alipoisikia, nami nitaichapisha toleo lijalo kama ataridhia.